All Saints Cathedral ilijengwa lini?

Mambo wakuu. Jana mvua ilinifungia pale All Saints, Nairobi, nikabaki nikipapasa mawe yake ya kijivu, baridi kama ya mtoni. Ni kanisa la mwaka gani?

— Dada, halikujengwa mara moja. Belfield, gavana wa kikoloni, aliweka jiwe la msingi tarehe 3 Februari 1917, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa bado moto. Mchoraji wa ramani ya jengo, Temple Moore wa Uingereza, alifariki 1920. Kukamilika? 1952. Piga hesabu: miaka 35! (Fundi wangu wa choo ana mwezi wa tatu, nisilalamike.)

— Na kwenye maandamano ya Saba Saba (7 Julai) 1997 ya kudai mageuzi, polisi waliingia na vitoa machozi hadi ndani.

— Kumbe! Ile minara ilinifanya nidhani ni la Wareno.