Mjadala: Doti moja ya kanga, na swali la nani anamfundisha nani kuokoa wazazi

MLETA MADA (Kigoma Mjini)

Ndugu wasomaji, naleta hoja ambayo tumeibishania mara nyingi hapa Kigoma: mbinu za bei nafuu za kuokoa wazazi, zilizozaliwa na uhaba na ambazo leo zinapokelewa hata katika nchi tajiri, je, ni ujuzi wa kujivunia, au ni kisingizio kipya cha kutuacha na uhaba wetu?

Mimi nasimama upande wa kujivunia, na ushahidi wangu wa kwanza ni wa hapa hapa. Kati ya 1984 na 1991, Dakta Godfrey Mbaruku na wenzake katika hospitali ya mkoa walishusha vifo vya wazazi kutoka 933 hadi 186 kwa kila watoto hai 100,000, kwa hatua zilizotegemea zaidi rasilimali walizokuwa nazo. Baadaye, katika utafiti uliochapishwa 2005, yeye na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitafuta namna ambavyo mkunga wa jadi asiye na kipimo chochote angejua kwamba mama aliyejifungulia nyumbani amepoteza nusu lita ya damu. Jibu walilikuta kiunoni mwa mama mwenyewe. Kanga ya pili ikilowa, yaani doti nzima, mkunga alielekezwa kumpa mzazi misoprostoli, dawa inayobana kizazi ili damu ipungue, pale pale, na anayejua mwendo wa mtumbwi kutoka vijiji vya kusini mwa ziwa usiku wa upepo ataelewa kwa nini neno "pale pale" lina uzito.

Mwaka 2023 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa wa hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, uliohusisha zaidi ya wanawake 200,000 na kuongozwa kutoka Birmingham, Uingereza. Chini ya mzazi uliwekwa mfuko wa plastiki wenye mistari ya mililita, na damu ilipovuka mstari, matibabu yote yakatolewa kwa mkupuo badala ya moja baada ya jingine. Madhara makubwa ya kutokwa na damu yalipungua kwa asilimia 60. Mfuko ni sahihi kuliko kanga, sibishi. Lakini swali unalojibu ni lile lile.

Na kuna watoto njiti. Mwaka 1978, mjini Bogotá, Kolombia, ambako inkubeta, mashine za kuwatunza njiti kwa joto, hazikutosha, Dakta Edgar Rey aliwaweka vichanga vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Leo katika wodi za Uswidi na Marekani, hata baba hufungua vifungo vya shati ili amkumbatie mwanawe hivyo hivyo.

MCHANGIAJI (muuguzi mkunga, Kasulu)

Ndugu mleta mada, nakuheshimu, ila umeeleza safari ya kwenda Ulaya ukasahau kuangalia mbinu hiyo inakuta nini ikifika. Mzazi wa Uswidi aliyembeba njiti kifuani amekaa kwenye kiti cha kulala, mashine inahesabu mapigo ya moyo wa mtoto, na likizo yake inalipwa. Mzazi wangu huketi kwenye kitanda anachochangia na mwenzake, akiwaza watoto wanne aliowaacha kwa jirani, na siku ya tatu huomba ruhusa ya kuondoka. Tunaita jina moja mambo mawili tofauti.

Tena si kila cha bei nafuu hufanya kazi. Kondomu iliyofungwa kwenye katheta, yaani mrija mwembamba wa hospitali, na kujazwa maji ili kubana kizazi kinachovuja, mbinu ya Profesa Sayeba Akhter wa Bangladesh, ilisifiwa sana; ilipopimwa kwa majaribio Benin na Mali, haikuwasaidia wazazi kama ilivyotarajiwa. Na hiyo kanga, kaka yangu, ikiwa mpya bado ina wanga, hainywi damu kama iliyofuliwa mwaka mzima.

MLETA MADA

Dada, la wanga nimelipokea, na la Benin na Mali ni kweli. Ndiyo maana naheshimu mbinu iliyopimwa kuliko iliyosifiwa. Utafiti wa 2021 ulioihusisha Muhimbili, pamoja na hospitali za Ghana, India, Malawi na Nigeria, ulionyesha kwamba njiti wa kilo moja hadi chini kidogo ya kilo 1.8, akiwekwa kifuani mara tu anapozaliwa, bila kungoja kwanza atulie, vifo hupungua kwa robo. Humo mama alilazwa pamoja na mtoto, katika wodi yenye oksijeni na wahudumu, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake kwa nchi zote.

Kwa hiyo narekebisha hoja yangu. Anayetaka kuiga Bogotá hapa Kigoma aanze na kitanda cha mama, kisha benki ya damu, kwa sababu doti ikishalowa mkunga atahitaji chupa ya damu ya kutundika, na swali langu kwa wanaopanga bajeti za halmashauri zetu ni fungu hilo liko ukurasa gani.