Spea za Chipmunk: duka la Uingereza, mzoga wa Canada au kreti za mnada?

MtuWaRanwei
Wakuu, habari za jioni. Kuna Chipmunk, ile ndege ndogo ya mafunzo ya zamani, imetuangukia mikononi. Mwili upo, mabawa yapo, lakini mbele ni uwazi mtupu: hakuna injini wala propela. Dashibodi imebaki matundu na kioo cha juu kimepasuka. Nimezunguka mtandaoni nikabaki na njia tatu. Kuna muuzaji Uingereza ambaye kila kitu kinakuja na cheti chake, ila bei inauma. Kuna mzoga wa Chipmunk nyingine nzima uko Canada, mwenyewe anataka kuuondoa uwanjani kwake. Halafu kuna kreti za mnada, akiba ya jeshi ya zamani, anayeuza anasema hazijafunguliwa tangu miaka ya 70. Hizi ndizo rahisi kuliko zote. Nataka kulipa wiki hii. Waliowahi kununua vitu hivi waniambie. Natanguliza shukrani.

fundi_wa_Wilson
Umeandika mengi na hujasema kitu. Itaruka au itapambwa getini? Kibati cha namba ya mwili kinasomekaje? Imewahi kusajiliwa wapi? Nani ataitia sahihi ikishamalizika? Na "bei inauma" ni shilingi ngapi? Bila hayo kila mtu hapa atakujibu kuhusu ndege yake mwenyewe.

KakaOntario
Nunua mzoga, usifikirie mara mbili. Ndege hii ilizaliwa huku kwetu, iliruka mara ya kwanza Downsview, Toronto, Mei 1946. Uzuri wa mzoga ni vile vitu vidogo ambavyo hakuna duka linaviuza kimoja kimoja: mabano, fimbo za kuongozea, vipande vya boneti, mirija, hata skrubu za kifuniko cha tangi. Utakaa mwaka mzima ukisaka bano moja la kushikilia paneli. Na kioo cha Canada ni kile cha mviringo kisicho na fremu, unaona mpaka mkiani. Kile cha Waingereza ni dirisha la jikoni.

BintiHanga
Kaka, kioo chako kizuri, lakini asitegemee kitakaa kwenye mwili wa Uingereza kwa kukisukuma tu. Kwanza tujue ana mwili gani. Zilijengwa 217 Canada, 1,000 Uingereza na 66 Ureno kwenye kiwanda cha OGMA, na hazifanani kila kitu. RAF, yaani Jeshi la Anga la Uingereza, peke yao walichukua zipatazo 735, za toleo lililoitwa T.10.

@MtuWaRanwei, angalia kibati. Kikianza na C1/ ni ya Uingereza. Ikiwa ilikuwa ya RAF utakuta pia namba ya jeshi, herufi mbili na tarakimu tatu: WB, WD, WG, WK, WP au WZ. Ukituletea hiyo, nusu ya maswali yanajijibu.

Na kabla hujanunua hata nati moja, uliza kuhusu kile chuma cha chini kinachounganisha mabawa katikati ya mwili. Kina umri wake. Chuma huchoka, na saa zake za kuruka hazihesabiwi sawa: ndege iliyofanya sarakasi au kuvuta glaida imekula umri haraka kuliko iliyotembea tu. Kama huna historia ya saa hizo, hujui umebakiwa na nini. Watu huhangaikia injini kwa sababu inaonekana, kumbe kinachoamua kama ndege itaruka kimejificha tumboni.

MzeeWaEastleigh
Mmenikumbusha mbali. Jeshi la Anga la Kenya lilipoanzishwa tarehe 1 Juni 1964, vijana wetu walianza na hizi hizi, pale kituo cha Eastleigh, Nairobi. Tulikuwa tunasimama ukutani tunazihesabu zikishuka. Ndege za mafunzo za Bulldog zilikuja baadaye, miaka ya 70. Mimi kura yangu ni kreti za jeshi. Vitu vya RAF vilipakiwa na watu waliojua kazi: karatasi ya nta, mafuta mazito, muhuri wa risasi. Siku hizi hakuna anayefunga mzigo hivyo.

SpanaMkononi
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, hiyo karatasi ya nta ndiyo iliyotumaliza sisi.

Mteja wetu alikuwa na Tiger Moth, ndege nyingine ya zamani, akataka injini ya Gipsy Major ya akiba, ukoo ule ule wa injini ya Chipmunk. Akaiona mnadani: kreti ya mbao, maandishi ya jeshi ubavuni, muhuri haujakatwa, lebo inasema imefanyiwa oveholi na haijaruka tena. Picha nzuri ajabu. Akalipa bila kutuuliza. Mzigo ulipofika uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, tuliitana wote kuja kushuhudia ufunguzi, hata wale wa hanga la jirani. Kifuniko kikatoka, karatasi ikatoka, harufu ya mafuta ya kuhifadhi ikajaa hangani, injini inang'aa. Tukapiga makofi.

Halafu tukashika kitovu cha propela tuizungushe. Haisogei. Tukatoa plagi, tukamimina mafuta ya kupenyeza, tukalala. Asubuhi haisogei. Mnajua Gipsy mitungi yake imeelekea chini, kwa hiyo maji yakiingia hayana pa kwenda, yanakaa vichwani. Tulipofungua mtungi wa tatu, ukuta wake ulikuwa umekula mashimo ya kuingiza ncha ya kalamu, na pete za pistoni zimeshikana na chuma kama zimechomelewa. Kwa nje hakuna hata doa.

Hapo bado. Lebo ya kreti ilikuwa na namba moja, kreki kesi, yaani mwili wa injini, imegongwa namba nyingine, na ile logibuku iliyokuja ndani ya bahasha ilikuwa ya injini ya tatu kabisa. Yaani karatasi zote zilikuwa za kweli, ila hazikuwa zake. Muuzaji alijibu sentensi moja: imeuzwa kama ilivyo. Pesa ya usafiri imekwenda, ushuru umekwenda. Tulichookoa ni vifuniko vya roka na viunganishi vichache. Iliyobaki tukaikata katikati, wanafunzi wanafundishiwa.

Kwa hiyo mtu akiniambia "haijafunguliwa tangu miaka ya 70", mimi nasikia kwamba hakuna aliyeiangalia tangu miaka ya 70. Raba zote humo ndani, sili, hosi, zimeshakufa hata kama hazikuguswa. Raba ina tarehe, haijali kreti.

KakaOntario
Pole sana. Ndiyo maana nasema mzoga. Mzoga hauwezi kukudanganya, unauona umelala.

fundi_wa_Wilson
Mzoga unadanganya vizuri sana. Ndege iliyoanguka ina sehemu zilizopata mshtuko na rangi haijachubuka. Bano likipinda nusu milimita utaliona kwa macho?

Na kwa propela, mleta mada: Gipsy inazunguka kinyume cha saa ukiwa umekaa kwenye kiti cha rubani. Propela nyingi utakazoziona za injini za Kimarekani zinazunguka upande ule mwingine. Usije ukanunua kwa kutazama urefu na matundu ya bolti tu. Ile ya asili ni ya chuma, Fairey-Reed.

MtuWaRanwei
Asanteni wote. Nimefuta vumbi kwenye kibati, kinaanza na C1/ halafu tarakimu hazisomeki vizuri. Pembeni kuna alama kama WP ila imepakwa rangi juu. Kuhusu kuruka: bosi anasema isimame kwanza pale klabuni, halafu huko mbele tuone kama itaruka.

BintiHanga
"Huko mbele tuone" ndiyo jibu ghali kuliko yote matatu uliyoweza kutoa.

Ikiwa ni ya kusimama, chukua kreti, chukua mzoga, chukua injini iliyokufa, hakuna wa kukuuliza. Ikiwa ni ya kuruka, kila kitu kinachobeba uzito au kinachozunguka kije na cheti cha kurudishwa kazini: Fomu 1 ya Uingereza au ya Ulaya, au 8130-3 ya Marekani, na namba iliyo kwenye karatasi ifanane na iliyogongwa kwenye chuma. Ukizichanganya sasa, baada ya miaka mitano hutajua kipi ni kipi, na mkaguzi atakuambia uvue vyote. Kama hamjaamua, pigeni rangi nyekundu kila kipande kisicho na karatasi, pale ambapo kitaonekana. Na andikieni de Havilland Support kule Duxford, ndio wanaosimamia michoro na maagizo ya aina hii. Barua pepe haina ushuru.

MamaRotax
Mbona hakuna aliyetaja Lycoming, injini ya Kimarekani? Klabu za glaida Uingereza zimefunga Lycoming ya nguvu farasi 180 kwenye Chipmunk, zinavuta glaida vizuri tu. Spea zake mnazo Wilson hapo hapo, kila Cessna ya pili inazo. Gipsy Major ni farasi 145 kwa kudra za Mungu, na inadondosha mafuta kama mbuzi mwenye mafua.

MzeeWaEastleigh
Ukifunga Lycoming si Chipmunk tena. Pua yote inabadilika. Heri isimame bila injini.

MamaRotax
Mzee, mlio ndio mnausikitikia au ndege?

MzeeWaEastleigh
Mlio, mwanangu. Na ule mshindo wa kuwasha. Zile za RAF ziliwashwa kwa katriji ya baruti, unasikia *paa!* na moshi.

fundi_wa_Wilson
Na hapo kuna mtego mwingine. Gipsy Major 8 ya T.10 ndiyo yenye kuwashwa kwa katriji. Ya kiraia, 10 Mk 2, ni ya umeme. Muuzaji wa kreti akikutupia na katriji zake "kama zawadi", umeingiza baruti nchini bila kibali, nenda kawaeleze forodhani kwamba ni starta. Mimi ningechukua ya umeme.

JasiriDar
Kuhusu forodha, tangu mfumo wa namba za ushuru wa 2022 spea za ndege ziko fungu 8807, zamani zilikuwa 8803. Ankara za wauzaji wengi bado zina namba ya zamani, na maandishi kama "military surplus". Mwambieni aandike spea ya ndege ya kiraia ya mafunzo, jina la kipande na namba yake. Neno "military" kwenye ankara linaita watu ambao hukuwaalika.

Halafu saa za dashibodi, yaani vipimo. Zile za zamani zenye mishale na namba zinazowaka gizani zilipakwa radiamu, yenye mionzi. Mtu anasema haziwaki tena kwa hiyo ziko salama. Sivyo: kilichokufa ni ile dawa ya kuwaka. Radiamu nusu-uhai wake ni kama miaka 1,600, ipo pale pale. Utaiona rangi imegeuka kahawia kama chai iliyokauka. Kioo kikiwa kimevunjika usiipulize vumbi wala usiifungue mezani unapokulia. Kenya mna mamlaka yenu ya mionzi, KNRA, waulize kabla mzigo haujapanda meli. Wengine huagiza saa ambazo uso umeshapakwa upya.

MtuWaRanwei
Hilo la saa sikulijua kabisa, asante. Kwenye mnada kuna boksi zima la saa, picha inaonyesha rangi ya chai kweli.

BintiHanga
Liache.

MzeeWaEastleigh
Mkimaliza muipake alama za Jeshi la Anga la Kenya.

KakaOntario
Mzee, kama ni WP ilikuwa ya RAF. Kuivisha sare ambayo hakuivaa ni uongo.

MzeeWaEastleigh
Ikisimama Nairobi itavaa ya Nairobi. Watoto wa shule wakipita wataona nini, ndege ya mkoloni?

SpanaMkononi
Kabla ya rangi, mna spana? Hii ndege ni bolti za vipimo vya Kiingereza, BSF na BA. Spana za milimita zitakula vichwa vyote, na za Kimarekani pia. Hili huwa halisemwi mpaka mtu ameshaharibu.

MtuWaRanwei
Spana tunazo za milimita. Nimeongea na bosi, anataka tuanze na propela ili ipendeze, injini baadaye.

fundi_wa_Wilson
Propela mtaifunga kwenye nini?

MamaRotax
😂😂

SpanaMkononi
Nina seti ya spana za Kiingereza, Whitworth na BSF, ilikuwa ya mzee mmoja aliyestaafu. Naiuza, njoo faragha.

fundi_wa_Wilson
Kwenye hiyo seti, spana ya robo tatu ya inchi ipo?

SpanaMkononi
Ipo, ila imepinda mkono.