Naomba ushauri: nilikandwa mgongo, sasa kuinama siwezi

Papa Ndosho:
Jambo yenu wote. Niko Goma. Siku ya tano, Ijumaa, nilikandwa mgongo, saa nzima, na mafuta ya mawese. Usiku nililala kama mtoto. Asubuhi kuamka ni shida. Leo siku ya kwanza, Jumatatu, kamba za kiatu ananifungia mtoto. Nikikohoa, ni kama mtu amenigonga nyundo hapa chini ya kiuno. Swali langu ni moja tu: niweke baridi ao niweke moto? Na siku ya posho, Jumamosi, nimeshaitika kurudi mara ya pili. Aliyenikanda anasema ni maumivu yanatoka, nisipomalizia yatarudi ndani. Munishauri, lakini bila kunicheka.

Motari wa Birere:
Wewe uko Goma. Moto uko chini ya miguu, baridi iko ziwani. Chagua.

Mama Sambaza:
Pole Papa. Mimi nilipozaa mtoto wa tatu nilibebea mtu beseni ya samaki wadogo, sambaza, kutoka Kituku mpaka Virunga, siku arobaini hazijaisha. Mgongo ulikataa. Mama mkubwa alinikanda na kitambaa cha maji moto, kila jioni, anaimba huku ananikanda. Mtoto yule sasa yuko darasa la sita, ni wa kwanza. Weka maji moto.

Mwana Katuba:
Huku Lubumbashi tuko na muzee mmoja Katuba, yeye hakukandi, anapanda juu ya mgongo wako na miguu miwili, anashika dirisha. Shemeji yangu alienda ameinama, akarudi amenyooka. Ila sasa kukaa hawezi.

Muuguzi wa Himbi:
Papa Ndosho, ukikandwa kwa nguvu nyama za mwili zinauma siku moja ao mbili, kama mtu aliyelima siku nzima hajazoea. Zikifika siku tatu inapaswa iwe inashuka. Yako inapanda. Kabla ya kukandwa ulikuwa na nini? Na nani alikukanda?

Papa Ndosho:
Hayo yote ya nini? Nimeuliza baridi ao moto. Aliyenikanda ni mtu mzima, anajua kazi yake.

Mushamuka wa Kadutu:
Mtoto wangu, anayekuuliza ni muuguzi, si polisi. Sisi Bukavu tumepanda ngazi za Kadutu na magunia ya mihogo tangu utoto, hakuna aliyekandwa. Mgongo wenu vijana umeharibika kwa kuinamia simu. Ulikuwa unalala kwenye nini? Godoro ya sponji?

Papa Ndosho:
Godoro haina kosa, muzee. Sawa, nitasema. Ni mama mkwe ndiye alinikanda. Msimshike vibaya, amekanda wazazi wote wa karitye, mtaa wetu. Aliweka mawe kwenye mbabula, jiko la makala, mpaka yakashika joto, akayafunga mu kitenge, akayapitisha mgongoni. Moja lilikaa sana mahali pamoja, pametoka malengelenge mawili kama vifuniko vya soda. Lakini hiyo si shida. Shida ni kuinama.

Mwombezi wa Usiku:
Mama mkwe? Mgongo wako? Ndugu, tubu kwanza, maumivu yatafuata.

Mama Sambaza:
Mimi baba mkwe akipita naangalia chini. Wewe umelala kifudifudi mbele ya mama mkwe, mafuta yanamwagika! Na mke wako, bibi yako, alikuwa wapi?

Papa Ndosho:
Ndiye alikuwa anapepea makala.

Motari wa Birere:
Swali la kitaalamu. Jiwe lilikuwa la volkano ya mwaka 2002, ile iliyopita mjini, ao la Buhene 2021? La 2021 halijapoa vizuri.

Papa Ndosho:
La 2002. Limetoka kwenye ukuta wetu. Nilisema bila kunicheka.

Muuguzi wa Himbi:
Malengelenge usiyatoboe, usipake dawa ya meno wala mafuta. Osha na maji safi na sabuni, funika na kitambaa safi kisichoshika. Joto lolote juu yake hapana, na hapo swali lako la moto limejibiwa. Sasa nauliza mara ya pili: kabla ya kukandwa kulikuwa na nini? Mguu unachoma ao unakufa ganzi? Mkojo unatoka sawa?

Papa Ndosho:
(Nimeandika mara tatu nafuta.) Siku ya tatu, Jumatano, nilianguka na moto, pikipiki, pale kwenye mawe ya kushuka Katoyi. Nilikalia matako, pwa! Mkojo ni sawa. Mguu wa kushoto kuna kama siafu wanatembea mpaka kidole kikubwa. Nyumbani nilisema ni uchovu, ndipo mama mkwe akasema atanikanda. Ningekataaje? Moto yenyewe hawaijui. Nimeinunua kwa pesa ya mahari iliyobaki, ng'ombe wawili. Ingefanya kazi miezi kadhaa, ninunue ng'ombe, na moto ibaki. Hesabu ilikuwa nzuri. Nikikosa siku ya posho ataanza kuuliza.

Motari wa Birere:
Unauliza moto ao baridi, kumbe moto ndiyo ilikuangusha. Ni TVS?

Mwana Katuba:
Mama hakukukanda, alikuwa anadai deni. Ng'ombe wa kwanza upande wa kushoto, wa pili upande wa kulia.

Muuguzi wa Himbi:
Siku ya posho usiende. Mtu aliyeanguka hakandwi kabla hajapimwa, mfupa unaweza kuwa na ufa, na kukandwa kunaweza kuuzidisha. Siafu za mguuni huenda ni mshipa wa fahamu unabanwa. Nenda hospitali leo, useme umeanguka, waamue kama wakupige radio, picha ya mifupa. Ukiona mkojo umegoma ao unatoka wenyewe, ao matako na sehemu za siri zimekufa ganzi, ao mguu hauna nguvu, hata kama ni saa nane ya usiku usingoje asubuhi. Parasetamoli ya 500, mbili kwa mara moja, masaa sita yapite, zisipite nane kwa siku. Leo usipande moto ya mtu.

Mchunguzi:
Ngojeni. Huyu mwezi wa tatu alianzisha uzi anatafuta mchumba Sake, hajaoa. Leo ana bibi, mtoto, mama mkwe na ng'ombe wawili. Na malengelenge ya mgongoni aliyapimaje kama vifuniko vya soda? Mgongo wake anauona?

Mama Sambaza:
Eee! Nami nimemwonea huruma hivi!

Mwombezi wa Usiku:
Nilijua. Mama mkwe hawezi.

Papa Ndosho:
Uzi wa Sake ni wa mdogo wangu, anatumia simu yangu. Mgongo mtoto alinipigia picha. Siiweki hapa, pindo la kitenge limejichora kwenye ngozi, bibi akiiona atajua ni mimi.

Mchunguzi:
Mdogo. Sawa. Kila mtu ana mdogo.

Mushamuka wa Kadutu:
Awe mwongo, mguu wenye siafu upelekwe. Lakini sijajibiwa juu ya godoro.

Papa Ndosho:
Niko hospitali, nangoja radio. Nilifikiri nitakuja peke yangu. Mama mkwe alinikuta barabarani natembea kama kaa, akanishika mkono mpaka hapa. Daktari aliuliza nilianguka wapi, mbele yake. Nilisema. Mama hakusema kitu. Alinyoosha mkono, nikampa ufunguo, akaufunga mu pindo la kitenge, kile kile cha mawe. Sasa amekaa kando yangu ananimenyea ndizi.

Mchunguzi:
Hadithi tamu.

Motari wa Birere:
Papa, pole. Mama anauza bei gani?