Msaada: wachezaji 24, mbio za mita 30, na p mbili zinazonichanganya

BintiNyalenda
Habari zenu. Nasomea sayansi ya michezo hapa Kisumu, niko mwaka wa mwisho, na sura ya nne ya utafiti wangu, ile ya matokeo, imenikaa kooni. Nilitaka kujua kama mazoezi ya kuruka yanawaongezea kasi wanasoka wa sekondari. Nilipata vijana 24 wa shule moja, nikaandika majina kwenye vikaratasi, tukachomoa kofiani: 12 wakawa wanaruka masanduku mara mbili kwa wiki juu ya mazoezi ya timu, 12 wakaendelea na mazoezi ya timu tu. Mbio za mita 30 nilizipima mwisho wa Januari, kisha baada ya wiki 8.

Walioruka walipunguza wastani wa sekunde 0.11, p (uwezekano wa kuona badiliko kubwa kiasi hicho kama kwa kweli hakuna badiliko) ikawa 0.03. Wenzao walipunguza 0.06, p 0.17. Nikaandika kwamba kuruka kumefaulu, maana kundi moja lina p chini ya 0.05, ule mpaka uliozoeleka, na jingine halina. Msimamizi wangu akapiga mstari mwekundu na kuandika maneno matatu: "Hujajibu swali lako." Tangu Jumatatu hapokei simu. Nimekosea wapi? Takwimu nilisoma muhula mmoja, nikapita kwa kukariri.

WingaWaKakamega
Pole dada. Sisi hapa langoni kuna jamaa wa saiba, unampa data na 5,000, kesho yake sura ya nne iko tayari. Mimi nililala usingizi wangu wote.

MzeeWaLanet
Na siku ya kutetea kazi, jamaa wa saiba ndiye atakayesimama mbele ya jopo? Nimekaa kwenye majopo hayo. Swali la kwanza huwa "Kwa nini ulitumia jaribio hili?", na hapo ndipo mtu huanza kutafuta maji ya kunywa.

Binti, p zako mbili zinajibu maswali ambayo hukuuliza: je, walioruka walibadilika? Je, wasioruka walibadilika? Wewe ulitaka kujua kama wa kwanza walibadilika KULIKO wa pili, na hilo hujalipima popote. Kundi moja kuvuka mstari wa 0.05 na jingine kuukosa si ushahidi kwamba makundi yanatofautiana. Kati ya 0.11 na 0.06 kuna sekunde 0.05 tu, na hiyo ndiyo ya kupimwa. Kwa kila kijana, chukua muda wa kwanza utoe wa pili. Utabaki na namba 24. Linganisha 12 za huku na 12 za kule kwa jaribio la t la makundi mawili (linalopima kama wastani wa makundi mawili unatofautiana), si lile la jozi (la kabla na baada kwa watu walewale). Ukishaielewa hiyo, jaribu uchanganuzi wa kovariansi, unaotabiri muda wa pili kwa kutumia muda wa kwanza pamoja na kundi. Mara nyingi makadirio yake ni makini zaidi. Jamovi, programu ya takwimu, inafanya zote, na ni ya bure.

Wala usione haya kwamba 12 ni wachache. Jaribio la t lilibuniwa kwa ajili ya sampuli ndogo, tena na mtu wa kiwanda cha bia: William Gosset wa Guinness kule Dublin, aliyelichapisha 1908 kwa jina la "Student". Uchache hauharibu hesabu, unapanua shaka.

Kocha_Mamboleo
Kabla ya hesabu: nani alishika saa?

BintiNyalenda
Mara ya kwanza mimi. Mara ya pili mwalimu wa michezo, mimi nilikuwa mstari wa kuanzia. Saa ya mkononi.

Kocha_Mamboleo
Basi ile 0.06 ya wasioruka isikushangaze. Kidole huchelewa kuwasha saa. Ndiyo maana riadha ina desturi ya kuongeza sekunde 0.24 kwenye muda wa mkono wa mita 100 ili kuulinganisha na wa mtambo. Na kila mtu ana kidole chake. Badilisha mpimaji, uone timu nzima "imeongeza kasi". Uwanja nao: Januari vumbi, mwisho wa Machi mvua za jioni zimeanza. Lakini hayo yaliyagusa makundi yote mawili, na hapo ndipo lile kundi la pili linapokuokoa. Kinachonisumbua ni kingine. Mwalimu alijua nani yuko kundi gani?

BintiNyalenda
Alijua. Yeye ndiye aliyekuwa akiwahesabia wakiruka.

Kocha_Mamboleo
Uandike huo kama upungufu, usiufunikefunike. Mtu akitamani mazoezi yake yafaulu, kidole husikia.

MamaData_Nakuru
Mimi ningeanza kwa kuchora. Karatasi ya miraba, kushoto muda wa kwanza, kulia wa pili, mstari mmoja kwa kila kijana. Wastani huficha watu.

BintiNyalenda
Nimerudi. Nimechora, mama. Mistari mingi inateremka kidogo, mingine inapanda, ila mmoja umeporomoka kama jiwe: namba 7, sekunde 0.44. Nikafungua daftari. Januari niliandika "pekupeku". Nimemuuliza, anasema mara ya pili alivaa njumu za binamu yake! Bila yeye, wastani wa walioruka unashuka kutoka 0.11 hadi 0.08. Nimfute?

Na t ya makundi mawili: tofauti 0.05, p 0.41, masafa ya uhakika ya asilimia 95 (thamani za tofauti ya kweli zinazopatana na data) ni kutoka −0.07 hadi 0.17. Kwa hiyo niseme kuruka hakusaidii?

MzeeWaLanet
La, kwa yote mawili. Masafa yako yanaruhusu hasara ndogo, yanaruhusu sifuri, yanaruhusu pia faida ya 0.17, na kwa mita 30 hiyo si kidogo, mwenzako ameshaufikia mpira. Andika kwamba data hii haitoshi kuamua. Namba 7 abaki, kura ilimweka kwenye kundi lake. Toa hesabu mbili, akiwemo na asipokuwemo, msomaji ajionee.

BintiNyalenda
Asante sana, mzee wangu. Habari ya njumu iende sura ya tatu au ya nne?

MzeeWaLanet
Ya tatu useme viatu hukuvidhibiti. Ya nne, chini ya jedwali, mtaje namba 7.

WingaWaKakamega
Na arudishe njumu za watu.