Tupeane uzoefu: nani ashawahi kumpa mtumiaji apu ya karatasi (skrini za kuchora kwa mkono) aijaribu kabla ya kuandika programu?

#1
Mwangaluka wakuu. Naanza mimi. Nilitengeneza apu ya mauzo ya dagaa kwa akina mama wa soko la Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, miezi minne najifungia Nyegezi naandika programu sijamwonyesha mtu, siku napeleka mama mmoja akashika simu akapekua wee, akaniuliza "sasa giza liko wapi humu mwanangu?" Sikumuelewa kabisa. Kumbe dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikikolea mitumbwi inapumzika, kwa hiyo yeye hesabu anafunga kwa giza, mi nimemwekea tarehe 1 mpaka 30. Nilibomoa mpaka databesi. Iliniuma sana. Nyie je?

#2
Pole mkuu. Mi sianzi bila karatasi, nachora kila skrini na maka peni, mtu akigusa batani nachomoa naweka nyingine, mimi ndo simu yenyewe. Ya tiketi nilijaribu na abiria wa kivuko pale Kamanga, watano tu, maana Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima apu na tovuti kwa watumiaji, aliandika tangu 2000 kwamba watano wanaibua kama asilimia 85 ya matatizo. Watatu wakagusa "Rudi" wakijua ndo tiketi ya kwenda na kurudi!! Nilifuta hapohapo kwa kalamu.

#3
Figma, ile programu ya kuchorea skrini kwenye kompyuta, si inatosha lakini?

#2
Natumia baadaye. Ikishapendeza watu wanakuonea haya, "nzuri tu mwanangu", ila karatasi wanaona haijaisha wanaikosoa. Na usiulize kama wameipenda, mpe kazi, mwambie kata tiketi ya watu wawili na pikipiki, halafu nyamaza uangalie kidole kinapoelea. Kunyamaza ndo kazi aisee, mdomo unawasha kumwelekeza.

#4
Na jua jamani. Ofisini kila kitu safi, nimefika Igombe saa saba mchana maandishi ya kijivu hayaonekani, mzee wa watu kafunika simu kwa kiganja anachungulia. Bahati ilikuwa bado michoro ya Figma, nilibadili rangi palepale kwenye mtumbwi nusu saa nikampa tena.

#1
Hiyo ya "Rudi" imenishtua. Yangu ina batani ya "Toa", sijui wanaelewa kutoa mzigo stoo au kutoa hela. Kesho alfajiri niko Mwaloni na karatasi.