Siku ya tisa baada ya upasuaji wa bawasiri, naogopa kwenda chooni

Salaam wakuu. Nilikatwa bawasiri siku tisa zilizopita hapa Dodoma. Nikienda haja kubwa ni kama napitisha vipande vya chupa. Ni kawaida? Kidonda kinapona baada ya muda gani?

Kijukuu: Pole mkuu. Mimi nilikatwa 2016, wiki tatu nakula nimesimama kama farasi. Nilikalia beseni la maji ya vuguvugu asubuhi na jioni. Sasa nashinda kwenye bodaboda.

Mzee wa Reli: Vijana mnakula chipsi, maji hamnywi, chooni mnakaa nusu saa na simu. Rudini kwenye dona na mchicha.

Mama Shufaa: Kaka, damu inatoka?

Mleta uzi: Kidogo tu.

Mama Shufaa: Kidogo kiasi gani? Sema, hapa hakuna anayekujua.

Mleta uzi: Jana matone. Leo saa moja usiku sinki lote jekundu, na mabonge mawili, nikashikwa na kizunguzungu. Siku nne nakunywa uji tu ili nisipate choo. Dawa ya kulainisha niliacha, kuna mzee kanipa unga wa mizizi wa kupaka. Nimeshamlipa elfu arobaini, na kesho nina basi la Mbeya. Hospitali sirudi, watanikata tena.

Tumbili Mweupe: Chai hii. Anayevuja damu anaandika aya zimenyooka hivi? Subirini, mtaletewa namba ya huyo mzee.

Kijukuu: Na mwanzo alisema kidogo.

Mleta uzi: Siuzi kitu ndugu zangu. Naandika nimelala ubavu. Hata mke wangu anajua nilifanyiwa ngiri.

Mama Shufaa: Chai au si chai, mimi ni nesi, wodi ya upasuaji. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne kidonda kinaweza kufumuka damu. Matone hayatutishi. Mabonge na kizunguzungu ni hospitali usiku huu. Si lazima wakukate, watakuangalia kwanza damu inatokea wapi. Unga acha. Na kutokula hakukusaidii, choo kinakauka. Homa ipo? Mkojo je?

Mleta uzi: Homa sina. Mkojo tangu jioni unagoma.

Mama Shufaa: Mwamshe mkeo, mwambie ukweli, mtoke sasa hivi.

Mleta uzi: Namwamsha.