Uhakiki wa tamthilia: niandike usiku uleule au nisubiri?

Kijana wa Dunda
Habari za jioni wakuu. Niko Bagamoyo, nachambua tamthilia zetu Facebook na YouTube. Ninayoifuatilia sasa inaruka Jumatatu hadi Ijumaa. Nikisema niitazame tena asubuhi ndipo niandike, nakuta vipande vimeshazagaa TikTok, watu wamecheka, wametukana, wamehama. Nikiwahi usiku uleule naandika pumba.

Juzi kulikuwa na onyesho, mama anaparua samaki aina ya changu uani, akaletewa habari kuwa mwanawe kakamatwa. Hakupiga kelele. Kisu kikaendelea, ila kikawa kinaparua palepale palipokwisha magamba. Komenti karibu zote zilikuwa za wigi la binti aliyeleta habari! Wenzetu wa nje wanafanyaje?

Bando la Usiku
Mkuu, piga chuma kingali moto. Kesho kuna sehemu mpya, hakuna atakayesoma ya jana.

Mwalimu wa Jukwaa
Mdogo wangu, kukiona kile kisu ndiyo kazi yenyewe. Nimefundisha uigizaji hapa Bagamoyo miaka mingi, na wengi hawakioni hata ukiwarudishia.

Zamani mhakiki alikuwa na nafasi ya kupumua. Clive James alikuwa na safu ya kuhakiki televisheni kwenye gazeti la The Observer, London, toka 1972 hadi 1982. Gazeti ni la Jumapili, kwa hiyo anatazama wiki nzima kisha anachagua la kusema. Msomaji akikasirika, aandike barua. Intaneti ikaja kuvunja huo utaratibu. Alan Sepinwall wa Marekani alianza akiwa mwanafunzi wa chuo, akiandika mtandaoni juu ya tamthilia ya polisi, NYPD Blue, baadaye akaajiriwa na gazeti la The Star-Ledger la New Jersey. Kukawa na tovuti ya Television Without Pity, mashabiki wanasimulia na kukosoa sehemu nzima, tukio kwa tukio. Kampuni ya televisheni ikainunua 2007, na 2014 ikafungwa. Katikati hapo, 2013, Netflix ikamwaga tamthilia ya House of Cards, sehemu zote 13 za msimu wa kwanza, siku moja. Uhakiki wa kila usiku ukayumba, maana kila mtazamaji kafika pake.

Ya kwetu haiko hivyo. Tamthilia ya siku tano hujengwa kwa wiki, basi andika Jumamosi. Chagua onyesho moja ulichimbe.

Linaloniuma ni hili: waandaaji sasa wanaandika hadithi kwa kufuata matusi. Mwanafunzi wangu mmoja mhusika wake "alifariki" ghafla baada ya watu kumshambulia umbo lake mtandaoni. Hakuna aliyezungumzia sauti yake, na ile sauti ilikuwa inabeba nusu ya nyumba ile.

Mama Kaole
Shikamoo Mwalimu. Hapo kwenye zamani mimi nakataa. Huko kwetu zamani gani? Magazeti ya udaku yaliandika nani kaachana na nani, basi. Mimi sijasoma sanaa, ila walipoonyesha barua ya posa inajibiwa palepale barazani, wazee hata hawajakaa kikao, ni sisi akina mama tulioandika kwamba Pwani hatuozi hivyo. Mhakiki wa gazeti angelijua hilo?

Mwalimu wa Jukwaa
Marahaba mwanangu. Hapo umenishika, nakubali. Komenti kama hiyo ni uhakiki kamili, na mwandishi mwenye akili ataifuata. Ninayoyapinga ni ya wigi na umbo.

Kijana wa Dunda
Asanteni sana. Jumamosi hii naanza. Swali la mwisho: nikikosoa, nimtaje mwigizaji kwa jina?

Mwalimu wa Jukwaa
Ukikosoa, taja mhusika na onyesho lenyewe. Ukisifu, andika jina kamili la mwigizaji. Na usiache kutafuta nani kaandika mswada. Jina lake hupita mwishoni kwa kasi, simamisha picha ulisome.